Skauti bila kundi: kumbukumbu za patroli yetu ya Vanga

Hapa Vanga, kijiji cha wavuvi pwani ya kusini ya Kenya, ukimtaja skauti, mtu anakumbuka vijana wenye skafu shingoni wakiwapanga watu uwanjani siku ya Madaraka. Mpwa wangu aliwaona akatamani. Tatizo ni kwamba Kenya uskauti mwingi umeshikwa na shule: mwalimu mmoja akijitolea, kundi lipo, akihamishwa, kundi linakufa. Shule yake haina. Kundi la karibu lililo hai liko upande wa Lunga Lunga, na nauli ya bodaboda ya kwenda na kurudi kila wiki si pesa ya nyumba ya mvuvi.

Mimi nilikuwa Mwamba nikiwa sekondari. Kwa asiyejua, Kenya tunapanda kwa umri: Sungura, Chipukizi, Mwamba, kisha Jasiri. Mpwa wangu na wenzake, wavulana kwa wasichana, wana umri wa Chipukizi. Basi nikasema tuanze.

Aprili

Kabla ya kamba na moto niliweka masharti. Hatujiiti skauti. Ahadi hutolewa mbele ya kiongozi aliyesajiliwa, na skafu huja baada ya ahadi, kwa hiyo hakuna kununua skafu wala beji za mtaani. Sisi ni patroli, yaani kikosi kidogo, inayojifunza, basi. Kila mzazi alitoa ruhusa mwenyewe, na dadangu huwa nasi kila tunapokutana, maana sitaki mtu mzima yeyote, nikiwemo mimi, akae peke yake na watoto wa watu.

Jirani mmoja aliuita huu uskauti wa mitumba. Nikamwambia hata wenyewe walianza hivi. Baden-Powell, mwanzilishi wa uskauti, alipiga kambi kisiwani Brownsea, Uingereza, Agosti 1907, na wavulana 20 hivi. Mwaka uliofuata maandishi yake yakauzwa kwa vijitabu kila baada ya wiki mbili. Watoto wakavinunua, wakajigawa patroli wenyewe, ndipo wakaenda kutafuta mtu mzima wa kuwaongoza. Chama kilikuja nyuma yao. Marekani nako, mwaka 1915, mchapishaji wa Chicago aitwaye William Boyce alianzisha chama cha skauti wapweke kwa ajili ya watoto wa mashambani walio mbali na kundi lolote. Mambo yao yalikwenda kwa posta na kwa gazeti lao. Mwaka 1924 kiliungana na Boy Scouts of America, na utaratibu wa skauti mpweke upo huko mpaka leo.

Watoto walisikiliza. Mpwa wangu akauliza, "Sasa mjomba, nani alikuwa akiwapima?"

Sikuwa na jibu la kumtosheleza.

Mei

Mafundo. Hapa nilijiweka kando, kwa sababu kijiji kizima kinaishi kwa kamba. Babu yao amekuwa nahodha tangu ujana, na alikuja na kamba yake mwenyewe, ya mashua, iliyolowa. Lile fundo la kwanza la vitabu vyote vya skauti, la kulia juu ya kushoto kisha kushoto juu ya kulia, alilitazama akasema linafaa kufungia bandeji au mzigo wa kuni, lakini atakayeungia kamba za nanga kwa fundo hilo ataitafuta mashua yake Pemba. Yuko sawa, hata vitabu vizuri vinaonya kwamba si la kuungia kamba zinazobeba uzito. Kitanzi kisichokaza, kile cha kumvulia mtu aliyetumbukia, aliwafundisha wakiwa wamefumba macho. Kuna watoto walioingia wakijua zaidi yangu.

Juni na Julai

Miezi ya kutafuta kaskazini, na hapa ndipo nilipofurahi kuliko kote. Maelezo mengi ya skauti yameandikwa na watu wa Ulaya, na anga yao si yetu. Wanasema itafute Nyota ya Kaskazini. Vanga tuko karibu nyuzi 5 kusini ya ikweta, kwa hiyo nyota hiyo iko chini ya upeo wa macho. Hata ukipanda mnazi huioni. Wanasema saa sita mchana jua liko kusini. Kwetu mwezi Juni liko kaskazini, Desemba liko kusini, na mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba linapita utosini, kivuli cha kijiti kinakaribia kutoweka. Ile mbinu ya kutumia mishale ya saa ya mkononi tuliifuta kabisa. Huku itakupoteza.

Kilichofanya kazi ni kijiti. Unakisimamisha wima mchangani, unatia alama kwenye ncha ya kivuli, unangoja robo saa au zaidi, unatia alama ya pili. Mstari kutoka alama ya kwanza kwenda ya pili unakwenda magharibi hadi mashariki. Watoto walihakikisha kwa jua la kuzama.

Usiku, kwa kuwa ni wakati wa kusi, zile nyota nne za Msalaba wa Kusini zinaonekana vizuri mapema jioni. Unachukua urefu wa mti wa msalaba kutoka kichwani hadi mguuni, unauendeleza mbele mara nne na nusu hivi. Kwa Vanga unafika karibu kabisa na upeo, na hapo ndipo kusini. Mabaharia wetu hawahitaji kuambiwa. Babu alisikiliza somo langu lote kisha akawaonyesha watoto kwa kidole, bila kupima chochote.

Agosti

Huduma kwa jamii ilijipa yenyewe. Vanga, Jimbo na Kiwegu tuna mradi wa mikoko wa Vanga Blue Forest, ulioanza 2019, ambao huuza hati za hewa ya ukaa inayofyonzwa na mikoko ili fedha zirudi vijijini. Patroli ilikusanya miche na kuipanda maji yalipokupwa, ikiongozwa na wanaojua ipandwe wapi. Kupanda ovyo ni kuua miche. Sheria yetu ya moto ikatokana na hapo: hatuchomi mkoko, tunatumia makuti na vifuu. Samaki wa kwenye jani la mgomba aliiva nje akabaki mbichi ndani, akarudishwa kwenye makaa, akaliwa.

Septemba

Nilimpigia kamishna wa skauti, naye akanielekeza kwa mwalimu kiongozi wa lile kundi la upande wa Lunga Lunga. Makubaliano ni haya: patroli yetu ihesabiwe chini ya kundi lake, tuonane mara moja kila muhula, mengine tuendelee nayo hapa.

Siku ya kuonana, msichana wa patroli yao alimkabidhi mpwa wangu kamba. Mpwa wangu akafunga kitanzi kwa njia ya babu, mkono ukianzia nyuma. Wakasema amekosea. Wakabishana, wakakivuta wawili huku na wawili kule, hakikukaza. Yule msichana akaomba aonyeshwe. Halafu akawashinda wetu wote kwa kasi, na njia nzima ya kurudi patroli ilikuwa kimya, imenuna. Tangu siku hiyo wanafanya mazoezi bila kuitwa. Mimi na babu tungeweza kuwasifu mwaka mzima wasifike hapo, kwa sababu tunawapenda mno.

Yanayofuata

Oktoba kuna mkutano wa dunia wa skauti kwa redio na intaneti. Wa redio ulianza miaka ya 1950. Mwalimu atatusajili, tutatumia simu ya dadangu. Ahadi itatolewa kwenye kambi ya likizo ya Desemba, kwa watakaokuwa tayari. Kufikia hapo tunatafuta turubai la pili na dira ya kuazima. Skafu nimeuliza bei, nitawaambia wazazi Ijumaa.