Omena Haina Kosa

Kabla hatujamwona daktari wa ubongo pale Kisumu, mama mkwe wa dada yangu alishatoa hukumu: mimba haikutunzwa. Mara omena, wale dagaa wa ziwani, haikuiva, mara ndoo za maji, mara dada alipita makaburini jioni. Dada alishachoka kujibu.

Baraka alikuwa na miezi minane, shingo bado haijakaza, na degedege zilimjia mfululizo kila akiamka.

Daktari alifungua picha za MRI kwenye kompyuta. Ubongo wa kawaida una mikunjo na mifereji. Huu ulikuwa laini kama yai lililomenywa, hasa upande wa nyuma. Kwa sababu ya huo upande wa nyuma, akasema, anashuku hitilafu kwenye jeni iitwayo LIS1, iliyo kwenye kromosomu ya 17.

Kisha akachora. Sijawahi kuona daktari wa kliniki yenye foleni ndefu hivyo akichora! Tumboni mwa mama, seli shina za ubongo hukaa kandokando ya vyumba vya maji, kila moja na mkia mrefu unaofika hadi juu ya ubongo. Kiini cha seli husogea mbali na maji, hunakili DNA yake huko, kisha hurudi chini, na ni huko chini seli inapogawanyika. Kinachokirudisha ni protini iitwayo dainini, inayotembea ndani ya seli ikiburuta mzigo, na protini inayotokana na LIS1 ndiyo msaidizi wake. Msaidizi akipungua, viini huchelewa njiani na seli zinazozaliwa huwa chache. Hata nyuroni changa, yaani seli za neva zilizozaliwa, ambazo hupanda kwa kufuata mikia hiyohiyo, hukwama kabla ya kufika. Kwa kawaida zinazozaliwa mwisho huzipita zilizotangulia na kukaa juu yake. Jambo hilo lilinishangaza kuliko yote.

"Na omena?" mama mkwe akauliza.

"Dani, omena haina kosa hapa. Mara nyingi hitilafu hii haitoki kwa mama wala kwa baba. Huanzia kwa mtoto mwenyewe."

Akaandika dawa ya degedege na mazoezi ya viungo. Dada, kimya tangu asubuhi, aliuliza moja tu: mtoto mwingine je? Uwezekano wa kujirudia ni mdogo, akajibiwa, lakini upo. Afadhali mtoto na wazazi wapimwe jeni kwanza.

Mama mkwe akafungua kibeti chake na kuuliza kipimo hicho ni pesa ngapi.