Samaki Dunga, Pudini Nyumbani

Jumapili, saa tatu usiku.

Nimeosha sufuria ya mwisho sasa hivi, na vidole vyangu bado vinanukia iliki na samaki kwa pamoja, harufu mbili ambazo sabuni ya mche imeshindwa kuziondoa. Tangu asubuhi nimekuwa nikipika, nikila, au nikibishana na watu kuhusu chakula, na kabla sijalala nataka kuandika kwa nini mimi, niliyezaliwa na ulafi wa vitu vitamu, nimeacha kabisa kuagiza kitindamlo hotelini.

Nianze na neno lenyewe, kwa kuwa nalipenda. Kutinda ni kukata, na kitindamlo ni kile kinachoukata mlo, kama vile kitindamimba alivyo mtoto ambaye baada yake mama hazai tena. Mimi ni kitindamimba, wa tano kati ya watano, na ndugu zangu hunitania kwamba ndiyo sababu napenda sukari: nilipofika mezani nilikuta wao wameshamaliza nyama. Hata hivyo, katika nyumba tuliyolelewa hapa Kisumu hapakuwa na kitindamlo, wala neno hilo halikutamkwa. Mlo ulikwisha kwa maji ya kunawa mikono na kikombe cha maji ya kunywa. Kitu kitamu kilikuwa na saa yake mbali na mlo, saa kumi alasiri, pamoja na chai: andazi, ndizi mbivu ya Kisii, au muwa ambao baba aliununua kando ya barabara alipotoka safari za Muhoroni. Kiwanda cha kwanza cha sukari nchini kilijengwa mwaka 1922 pale Miwani, mashariki mwa mji huu, jina ambalo utotoni niliamini linahusu macho, nikawa najiuliza ni watu gani hao wasioona vizuri kijiji kizima, mpaka siku nilipolisoma upya na kuona kwamba ni miwa iliyoongezewa herufi mbili tu.

Krismasi ndiyo iliyokuwa na kastadi. Mama alikoroga unga wa manjano kwenye maziwa, akaumwagia juu ya papai na ndizi zilizokatwakatwa, nasi tuliamini kwamba rangi ile ni ya mayai. Haikuwa. Unga ule ulibuniwa mwaka 1837 na mkemia wa Birmingham, Alfred Bird, ambaye mke wake hakuweza kula mayai bila kudhurika, na kinachoufanya uwe mzito ni wanga wa mahindi. Nilipolijua hilo ukubwani sikukasirika, ila nilianza kutamani kuonja ile ya mayai yenyewe, na tamaa hiyo ndiyo iliyonifikisha hapa.

Mwalimu wangu wa kwanza wa vitu vitamu alikuwa jirani yetu wa Kaloleni, ambaye watoto wa mtaa mzima tulimwita Mama Kaimati kwa ajili ya kaimati zake, vidonge vya unga vya kukaanga na kuchovya kwenye shira. Kila Ramadhani, mwendo wa saa kumi na moja jioni, sisi watoto wa Kikristo tulikuwa tunazungukazunguka mlangoni pake kama kuku walioona mtama, tukimwamkia shikamoo mara tatu tatu ili asitusahau. Nilipokuwa na miaka kumi na mmoja hivi, aliniita ndani. Unga wa ngano nusu kilo, kijiko kimoja cha chai cha hamira, vijiko viwili vya sukari, iliki iliyopondwa, na tui la nazi vuguvugu lililotiwa kidogo kidogo hadi unga ukawa mzito kuliko uji na mwepesi kuliko donge la chapati. Hakuukanda. Aliuchota kutoka chini kwa kiganja, akaubwaga, akauchota tena, mpaka ukaanza kuvutika na kutoa sauti ya pwa, pwa. Mimi nilipopewa zamu niliupiga kwa hasira ya mtoto anayetaka kusifiwa, naye akanishika mkono.

“Mwanangu, usiupige kama mwizi. Upige kama mtoto mchanga unayemgonga mgongoni acheue.”

Mpaka leo sijui maelezo bora kuliko hayo. Shira aliipika kwa vikombe viwili vya sukari na kimoja cha maji, na mwishoni alikamulia ndimu, ambayo nilidhani ni ya ladha tu. Kumbe asidi ya ndimu huivunja sehemu ya sukari ikawa glukosi na fruktosi, nazo huizuia shira isiwe chengachenga inapopoa. Mama Kaimati alisema tu kwamba shira isiyo na ndimu hugeuka mchanga, na maneno yake yalitosha.

Dada yangu anayeishi Nakuru hulalamika kwamba kaimati zake hazivimbi kama zangu. Si kosa lake. Nakuru iko takribani mita 1,850 juu ya usawa wa bahari na usiku wake ni wa sweta mbili, kwa hiyo hamira hulala. Yeye huiweka bakuli karibu na jiko na kusubiri saa mbili au zaidi. Hapa Kisumu, kwenye joto la alasiri, ukienda kuzungumza na jirani ukarudi baada ya dakika arobaini, unakuta unga umeshatoka bakulini na unatafuta njia ya mlango.

Sasa nirudi kwenye hoteli. Mwisho wa mwezi uliopita tulikwenda kula jioni na wenzangu wa kazini katika hoteli moja ya mjini, ambayo sitaitaja kwa sababu kuku wao ni mzuri na sitaki waniwekee kinyongo. Tulikula ugali, kuku na mboga za kienyeji hadi mikanda ikalegezwa. Kisha mhudumu akaleta karatasi ya vitamu, na mimi peke yangu, kwa ukaidi, nikaagiza pudini ya karameli. Ilikuja ikiwa baridi kama chuma, ukingoni ina vichembe vya barafu, na nilipotia kijiko haikukatika bali ilinesa na kurudi mahali pake. Nikaonja. Ladha ya kwanza ilikuwa ya kitunguu.

“Dada, imetoka kwenye friji sasa hivi,” mhudumu alinihakikishia, akidhani nimetilia shaka uzima wake.

“Naona, kaka. Na humo ndani ilikuwa jirani na kachumbari.”

Alicheka, nami nikacheka, nikalipa. Lakini nilipokuwa kwenye tuktuk nikirudi nyumbani nilijiuliza ni nani aliyetuambia kwamba baada ya ugali wa mkono mzima tumbo lina nafasi ya maziwa na mayai. Pudini ile, hata ingekuwa safi, ningeila kwa wajibu. Ilikuwa imewekwa mwishoni mwa mlo kwa sababu vitabu vya upishi vya mbali vinasema ikae hapo, kwa watu ambao huenda walikula supu na kipande kidogo cha samaki. Mlo wetu hujikata wenyewe. Ugali ukishatua, umetinda.

Kwa hiyo nilianza kujifunza kuipika pudini mwenyewe, niile saa niitakayo. Jaribio la kwanza lilikuwa aibu. Nilipiga mayai matatu na vikombe viwili vya maziwa na vijiko vinne vya sukari, nikamimina kwenye bakuli la bati, nikaliweka ndani ya sufuria ya maji, nikafunika, na nikaacha maji yachemke kwa fujo kwa sababu nilikuwa na haraka. Iliiva ikiwa na matundu kama sifongo ya kuogea, na maji yamejitenga pembeni. Mayai yaliyochanganywa na maziwa huanza kushikana kwenye nyuzi themanini na kitu tu, ilhali hapa Kisumu, kwenye mita 1,131, maji huchemka kwenye nyuzi tisini na sita hivi. Nikiyaacha yatokote nimeshavuka mpaka kwa mbali. Siku hizi maji yanatetema tu, hayachemki. Chini ya bakuli naweka kitambaa kilichokunjwa ili bati lisigusane na sufuria, na kifuniko nakifunga kitambaa kingine, maana matone ya mvuke yakidondokea juu ya pudini huitia makovu.

Karameli ndiyo iliyonitesa zaidi. Sukari kavu, sufuria ndogo, moto mdogo, na usiikoroge. Huanza kuyeyuka pembeni, ikawa rangi ya asali, kisha rangi ya chai ya rangi, na baada ya hapo una pumzi moja tu kabla haijawa chungu. Niliwahi kuigeukia simu, nikarudi nikakuta lami. Nikaona nijaribu sukari guru ya Kakamega, ile ya miwa isiyosafishwa, nikidhani kwamba kwa kuwa rangi yake tayari ni ya hudhurungi nimeshafika nusu ya njia, lakini ina masalia mengi ya maji ya miwa na iliungua mapema kuliko sukari nyeupe. Sasa naiyeyusha kwa maji vijiko viwili na kipande cha tangawizi, na kuimwagia pudini ikiwa imeshaiva. Ina ladha ya moshi kidogo, ladha ya jiko la kuni, ambayo hoteli yenye friji kubwa haiwezi kuipata.

Leo ndipo nilipoujaribu mpango wangu wote. Asubuhi nilipika pudini nikaiacha ipoe. Mchana tukaenda Dunga, ufukweni mwa Ziwa Victoria: mama, kaka yangu mkubwa, wifi, na mimi. Pale hakuna karatasi ya vyakula. Unaongozwa hadi kwenye meza ya samaki, unafunua matamvua kuona kama ni mekundu, unatazama jicho kama halijaingia ukungu, mnapatana bei, na yule uliyemchagua anatiwa chale tatu kila ubavu mbele ya macho yako kabla ya kutumbukizwa kwenye mafuta. Kaka alitaka mbuta, yaani sangara. Mama alikataa, akasema mbuta ni mgeni aliyeletwa ziwani na Wazungu na kula jamaa zake wote, na kweli aliletwa miaka ya 1950, tukachukua ngege, yaani tilapia. Sikuwa na moyo wa kumwambia mama kwamba ngege anayejaa mezani siku hizi, yule wa mto Naili, naye aliletwa miaka hiyo hiyo, na kwamba ngege halisi wa ujana wa bibi yetu ni nadra sana sasa.

Tulisubiri karibu saa nzima, na kusubiri huko ni sehemu ya chakula. Kijana alikuja na birika na beseni, akatunawisha kwa kuanza na mama. Samaki walifika wakiwa wamekaangwa kisha wakapitishwa kwenye rojo la nyanya na vitunguu, na ugali, na osuga, mboga ya mnavu, iliyopikwa kwa maziwa mpaka uchungu wake ukabaki kama ukumbusho tu. Mama alichukua kichwa bila kuuliza mtu. Alikifungua kwa vidole viwili, akatoa nyama ya shavuni, akaniwekea kwenye sahani yangu huku akiendelea kuzungumza na wifi kuhusu mambo mengine kabisa, kama alivyofanya nilipokuwa na miaka minne.

Tulipomaliza nilimuuliza mwenye meza, kwa utafiti wangu tu, kama kuna kitu kitamu.

“Soda zipo, dada. Baridi na za moto.” Akaweka kikopo cha vijiti vya meno katikati ya meza, na mlo ukawa umetindwa rasmi.

Tulitembea hadi ukingoni mwa maji. Magugu maji yalikuwa yamesukumwa na upepo hadi upande wa pili wa ghuba, kwa hiyo mitumbwi ilipita bila taabu, na tulikaa pale hadi mama aliposema kwamba sasa angeweza kunywa chai. Nilikuwa nikiyasubiri maneno hayo. Yalikuja saa kumi na nusu, saa mbili na zaidi baada ya ugali.

Nyumbani, wifi alichemsha chai mimi nikiigeuza pudini. Nilipitisha kisu ukingoni, nikafunika bakuli kwa sahani, nikashika vyote viwili kwa mikono iliyokuwa ikitetemeka kidogo, nikageuza. Hakuna kilichotokea. Nikapiga bati kwa kijiko mara mbili. Ndipo nikasikia ule mnong'ono, kitu kati ya busu na pumzi, na uzito ukashuka kwenye sahani. Pembe moja ilibaki imenata kwenye bati, nami nikaificha kwa sukari guru. Kaka alikula vipande vitatu bila kusema neno. Mama alikula kimoja polepole, akalamba kijiko mbele na nyuma, akauliza kama ndani mna kastadi. Nilipomwambia kwamba ni mayai matupu na maziwa, alinitazama kana kwamba nimemdanganya tangu Krismasi zote zile.

Kaka alipotaka cha nne, mama aliivuta sahani upande wake na kusema kwamba kilichobaki ni cha kitindamimba. Kipo kwenye friji sasa, kimefunikwa kwa bakuli zito. Vitunguu nimevitoa, nimeviweka dirishani.