Safari na mama kwenye miti inayokunywa ukungu

Mama yangu amekaa Lushoto maisha yake yote, ukitoa miaka michache ya shule Tanga mjini, sasa alivyokuja kunitembelea huku Sacramento, California, mwezi wa sita akakutana na joto la nyuzi 40. Mchana hatoki, anashinda ndani kajifunga khanga mbili maana AC nayo inamuumiza magoti. Wiki ya tatu akaniuliza taratibu, mwanangu, kwani huku kwenu msitu hakuna? Iliniuma kiukweli. Mtu amevuka bahari kuja kuniona halafu namwonyesha sebule na supamaketi.

Nikaomba likizo siku tisa. Mdogo wangu anakaa Oakland, tukampitia awe dereva mwenzangu, mtoto wangu wa miaka tisa shule zimefungwa, tukapakia sufuria, unga, jiko dogo la gesi na chupa mbili za chai tukaondoka alfajiri. Mpango ulikuwa San Francisco kwanza, halafu barabara ya 101 kupanda kaskazini mpaka kwenye misitu ya redwood, tufuate pwani tuingie Oregon, tumalizie Portland, kurudi tupite barabara kuu ya I-5.

San Francisco tulilala usiku mmoja tu. Nilitaka mama aone daraja la Golden Gate, lile la rangi kama ya udongo mwekundu, limefunguliwa 1937 na minara yake ina mita 227, na siku hiyo hatukuona hata mnara mmoja. Ukungu ulikuwa umelimeza lote, unasikia tu honi za kuongozea meli zinalia huko chini, vuuu, zinanyamaza, vuuu. Mwezi wa saba huo! Watu wamekuja na kaptura na kamera zao wanatetemeka pale na nyuso zimewashuka. Mama akashuka kwenye gari, akavuta pumzi ndefu akasema, hii ni Magamba kabisa, msitu wa kwetu Lushoto. Akavua sweta moja. Yani toka afike Marekani sikuwahi kumuona ametulia vile.

Mdogo wangu ndo akamweleza inavyokuwa, kwamba maji ya bahari ya huku ni ya baridi sana, upepo wenye unyevu ukipita juu yake unageuka ukungu, na joto la kule ndani kwetu Sacramento linauvuta kuja nchi kavu, kwa hiyo kadiri bara inavyochemka ndivyo pwani inavyofunikwa. Mama akasikiliza halafu akauliza, sasa huo ukungu unaenda kumnyweshea nani? Sisi tukacheka tukaona ni maneno ya watu wazima. Jibu tulilikuta kesho yake.

Kesho yake tumeendesha kama masaa manne na kitu, mashamba ya zabibu yakaisha, milima ikaanza, tukaacha barabara kubwa tukaingia ile ya zamani wanayoiita Avenue of the Giants. Ni kama kilomita 50, inafuata mto Eel, na miti imesimama pembeni kabisa mwa lami, mingine ukitoa mkono dirishani unaigusa. Gari zima kimya. Hata mtoto aliacha tablet yake chini bila kuambiwa. Huu mti wa redwood ndo mrefu kuliko yote duniani, ule uliopimwa mrefu zaidi umepita mita 115, hesabu ghorofa thelathini na tano hivi, na mingine ina miaka zaidi ya elfu mbili. Lakini hizo namba nilikuwa nazo kichwani toka nyumbani na hazikunisaidia kitu, maana ukisimama chini unainua shingo, unainua, kofia inadondoka na matawi ya kwanza bado hujayafikia.

Tulisimama sehemu inaitwa Founders Grove. Hapa naomba nieleze polepole.

Marehemu baba alikuwa mpasua mbao Shume, enzi zile za msumeno wa watu wawili, mmoja juu ya gogo mwingine shimoni anakula vumbi la mbao usoni. Walikuwa wanapasua mikulo, miti mikubwa yenye harufu ya kafuri, na sisi tulisoma kwa hela ya ile mikulo, siwezi kuisema vibaya kazi ya baba yangu. Ila mama ndo alikuwa anampelekea chakula msituni kwa hiyo miti anaijua, tena kwa kuigusa. Alivyofika pale hakuangalia juu kama sisi, aliangalia chini. Akainama akaweka kiganja kwenye udongo, akakigeuza akatuonyesha. Kimelowa. Hapakuwa na mvua wiki nyingi, barabarani vumbi tupu, nyasi za milima tuliyopita zote zimekauka kama mkeka. Akanyamaza akainua kidole tusikilize na kweli tukasikia, tap, tap tap, matone yanadondoka kutoka juu kwenye majani ya chini, mengi, msitu mzima unadondosha. Akasema, mti unajinyeshea wenyewe.

Na ndivyo ilivyo. Kiangazi cha huku mvua hakuna, ukungu ule ule uliotuficha daraja unapanda mabonde usiku, unanasa kwenye vijani vyembamba kule juu, mwingine majani yanaunywa hapo hapo na mwingine unatona chini mpaka kwenye mizizi, na sehemu kubwa ya maji ya mti wakati wa kiangazi inatoka huko. Ndo maana redwood hazikui mbali na pwani, zinafuata mstari wa ukungu. Mizizi yenyewe haiendi chini sana, mita mbili tatu, nne ikizidi, ila inatanuka kwa pembeni hata mita 30 na inashikana na ya jirani, na gome linaweza kufika unene wa sentimita 30 kwa hiyo moto unapita mti unabaki. Kuna miti imeungua katikati ikabaki kama chumba na bado iko hai. Watu wa zamani walikuwa wanafugia bata bukini humo. Mwanangu akaingia kwenye mmoja, bibi yake akamwita, mume wangu toka huko unioe vizuri kwanza, mtoto anacheka mwangwi unatoka ndani ya mti.

Pale kuna mti umelala, wanauita Dyerville Giant. Ulianguka mwezi wa tatu 1991 baada ya mvua nyingi na mti mwingine kuuangukia, una zaidi ya mita 110, wanasema aliyekuwa mbali maili nzima alidhani treni zimegongana. Hawakuukata wala kuuhamisha. Mama akaanza kutembea pembeni yake anahesabu hatua kwa sauti, mkono mmoja kwenye gome, mkono mwingine umeshika pindo la khanga, na sisi nyuma. Sitini. Tisini. Mia na ishirini. Njiani anasimama kunionyesha vitu, mwanangu ona huu uyoga, ona huu mche umeota juu ya mgongo wake, ona na huu. Mia moja sabini na nne akafika kwenye ncha iliyopasuka akakaa. Akakaa kweli, dakika nyingi. Halafu akasema, baba yenu angefika hapa asingeongea siku mbili.

Mdogo wangu akaenda kusimama mbali kidogo. Nikamwacha.

Kinachoniuma mimi ni kwamba redwood za asili, zile ambazo hazijawahi kukatwa, imebaki kama asilimia 5 tu. Walianza kuzifyeka kipindi cha kukimbilia dhahabu, miaka ya 1850, na San Francisco ilipoteketea baada ya tetemeko la 1906 mji ulijengwa upya kwa mbao hizi hizi, yani zile nyumba nzuri tulizopita tukizipiga picha ndo miti yenyewe. Kilichobaki kimebaki sababu kuna watu waligoma. Umoja wa kwanza wa kuiokoa ulianza 1918, na mwaka uliofuata akina mama wa hapo hapo Humboldt wakaunda wa kwao. Hifadhi ya taifa yenyewe imekuja 1968. Mama hiyo habari ya akina mama alinirudisha niisome mara mbili, anataka kujua walikuwa wangapi, waume zao walisemaje.

Mji wa Eureka napita haraka. Hoteli tuliyobuku ilisema jina letu halipo kwenye kompyuta, saa nne usiku na mama yuko kwenye gari, tukahangaika mpaka tukapata chumba kimoja tukalala wote wanne. Asubuhi tukaona jumba la Carson, la tajiri wa mbao wa miaka ya 1880, limenakshiwa kila kona mpaka macho yanachoka. Mama akaliangalia akauliza, miti mingapi hii? Basi tukaondoka.

Mto Klamath ni nchi ya Wayurok, wenyeji asilia wa huku, watu wa mto na samaki toka enzi na enzi. Kwenye ule mto mabwawa manne yalibomolewa, kazi imeisha 2024, na samaki aina ya samoni wakaanza kupanda tena kule juu walikozuiwa karne nzima. Tulinunua wa kukaushwa kwa moshi pembeni ya barabara, tukala na ugali wa mchana chini ya mti, kiukweli sijala kitu kitamu kama kile mwaka huu.

Crescent City ni mji mdogo wa bandari, umejaa vibao vya buluu vinavyoonyesha pa kukimbilia bahari ikija. Mwaka 1964 tetemeko kubwa la Alaska lilituma mawimbi usiku yakabomoa mitaa mingi ya katikati ya mji, watu 11 wakafa. Kuna mnara wa taa wa 1856 uko kwenye kisiwa cha mawe, maji yakitoka unaenda kwa miguu, yakijaa unasubiri huko huko. Mama alikunja gauni akavuka, akatia miguu baharini akaitoa hapo hapo, maji ya barafu.

Oregon nilipenda kitu kimoja kuliko vyote. Toka 1967 kuna sheria kwamba ufukwe wa bahari ni wa watu wote, pwani nzima, huwezi kukuta hoteli imekuzuia kupita kwenye mchanga. Tulitembea Cannon Beach mbele ya lile jiwe la mita 72 lililojaa ndege, familia zimewasha moto, watoto, mbwa, masikini na tajiri pamoja, nikawa nawaza fukwe za Dar nilizochezea utotoni ambazo sasa hivi ni ukuta na geti. Ile inawezekana jamani. Ni kuamua tu.

Portland mama alichoka na magari ila tulikuta duka la mama mmoja wa Kikongo, akamsikia mama anaongea akatoka nyuma ya kaunta, "mama, unatoka wapi?" Wakashikana mikono. Mama anaomba kisamvu, yule anasema sombe, mama anasema unga wa ugali, yule anasema bugali, wakaelewana kila kitu na tukaondoka na mifuko minne na embe za bure.

Kurudi ni siku ndefu ya lami tu. Mlima Shasta ulitokea na theluji yake mama akashtuka usingizini akasema Kibo, kile kilele cha Kilimanjaro, akarudi kulala.

Usiku ule nyumbani mdogo wangu akamwambia kwamba mti wa asili mrefu kuliko yote uliopimwa Afrika uko Kilimanjaro, mkukusu, mita 81.5, kwenye bonde huko upande wa Moshi. Mama hakujua. Kutoka Lushoto ni siku moja ya barabarani na umri wote huu hakuna aliyewahi kumwambia. Amesharudi nyumbani sasa na jana kanitumia voisi ya dakika sita, mjomba ameshaongea na mtu mwenye gari la Noah, anataka kujua Desemba natua lini KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, na nimletee viatu kama vile vya msituni, vyake vimeacha soli.