Sakafu ya meko iliyomong'onyoka

Julai. Baridi ya Limuru imeshika na meko ya nyumba za enzi ya ukoloni yanawashwa tena. Swali ni lile lile: matofali ya chini yamelika, si tuzibe tu kwa saruji?

Hapana. Saruji ya kawaida hushikana kwa maji yaliyofungwa ndani yake. Joto likifika karibu nyuzi 450 maji hayo hutoka, na kinachobaki kikinywa unyevu hufura na kupasuka. Kiraka hubanduka pamoja na kingo za matofali yaliyokuwa mazima, na hilo ndilo linaloudhi.

Kabla ya kushika tindo, kagua dohani. Isipokuwa na kofia, mvua hulowesha majivu na sakafu hushinda mbichi. Moto mkali ukiwashwa ghafla, mvuke hubambua uso wa tofali. Usipoweka kofia juu, chini utarudia.

Gonga kila tofali. Linalolia kama debe tupu, ling'oe. Pakiwa na ufa, mulika ndani kwa tochi: katika baadhi ya nyumba za zamani mbao za fomu, zile zinazoshikilia zege likiwa bichi, ziliachwa chini ya meko. Ukiziona, usiwashe moto wala usiweke kiraka. Fumua sakafu yote.

Meko yenye upana wa sentimita 90 na kina cha 45 hula matofali ya moto, yaani yanayohimili joto kali, 16 ya milimita 230 kwa 114 kwa 64, yakilazwa ubapa. Nunua 18, maana ya pembeni hukatwa mshazari. Yapange makavu kwanza, yatie namba kwa chaki. Safisha kitako kwa brashi ya waya, kinyunyizie maji kidogo, kisha tandaza udongo maalumu wa kuhimili moto. Ukikosekana wa dukani, mafundi wa tanuri huchanganya mchanga laini sehemu 3, saruji 1, chokaa 1 na unga wa udongo wa moto 1. Humo saruji hushikilia mwanzoni tu.

Viungo kati ya tofali na tofali viwe milimita 3, visizidi 6. Fundi aliyezoea kujenga ukuta ataviacha vinene kwa mazoea, kwa hiyo msimamie: kiungo kinene hunywea na kupasuka, na tofali hulegea.

Acha siku tatu bila moto. Kisha washa vijiti vya nusu saa, ukiongeza kila siku. Magogo yasubiri wiki ipite.