"Can" na "Can't"

Jana jioni binti yangu aliniletea daftari lake la Kiingereza. Mwalimu alikuwa amemkata alama kwa kuandika "I'm gonna Bukavu". "Papa, si wewe mwenyewe ulisema 'gonna' ni 'going to'?" Ndiyo, nilisema. Nikamweleza kwamba "gonna" hufuatwa na kitenzi: "I'm gonna go", sawa, likija jina la mahali, inarudi "going to" kamili. Akafuta, akaandika upya. Mimi mawazo yalikuwa yameshavuka mpaka, yako Gisenyi, Rwanda.

Mnaikumbuka ile Alhamisi, tarehe 17 Januari 2002, moto wa volkano ya Nyiragongo uliposhuka hadi katikati ya mji wetu wa Goma. Tulikimbilia ng'ambo kama wengine. Kiingereza changu kilikuwa cha vitabu na redio, lakini kwenye uwanja tuliolala kilitosha kunifanya mkalimani wa Wamarekani wawili waliopita na gari.

Mama mmoja aliniita. Mwanawe, wa miaka minne hivi, alikuwa amekanyaga lava ambayo haijapoa; mguu umefungwa kipande cha kitenge. "Ubaulize kama batatupeleka ku hospitali." Nikauliza. Yule mrefu akajibu haraka, jicho liko kwenye saa: "We can't take 'em today."

Nilisikia "can", yaani "tunaweza". T ya "can't" haikutoka kabisa; iligusana na T ya "take", zikawa moja.

"Banasema nini, mwana yangu?"

"Banasema batabapeleka leo, mama."

Alikunja mkeka taratibu, akaukung'uta majivu. Sufuria na ndoo akamwachia jirani. Akamfunga mtoto mgongoni, ule mguu ukining'inia upande. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema Mungu anibariki. Kisha akaenda kusimama karibu kabisa na mlango wa gari, amenyooka, kama mtu aliyekwisha kuitwa jina. Mlango ukafungwa. Gari likaondoka. Alipogeuka, hakulitazama gari. Alinitazama mimi.

Kulipokucha hawakuwapo tena pale uwanjani.

Miaka mingi baadaye, ukalimani ukiwa ndio kazi yangu, nilijifunza kutoiwinda ile T. Sikiliza irabu. Mmarekani akikubali, "can" hufifia katikati ya sentensi, inabaki karibu "k'n". Akikataa, irabu inafunguka na kukazwa. Kwetu kukataa kunatangulia: "hatuwezi". Mtu akisema "ntakuja" badala ya "nitakuja", hakuna anayepotea, na ile "ha" au "si" ya kukataa umeisikia kabla neno halijaisha. Kwao hapana iko mkiani, kwenye herufi wanayoimeza kila siku.

Lakini siwezi kuitupia T mzigo wote. Ningeweza kumwomba yule mtu arudie. Mtoto alikuwa analia, mama ananitazama mdomoni, nami nilitaka jibu liwe ndiyo. Huenda nililisikia kwa sababu hiyo.

Sehemu hiyo sikumwambia binti yangu. Nilimwambia tu kuhusu irabu, akataka nimsomee sentensi zote mbili, haraka, kama wanavyosema wenyewe. Akafumba macho asikilize vizuri.

"Ya pili ndiyo ya kukubali," akasema.

Ilikuwa ya kukataa.