Pini ya 169 katika Soko la Kibuye

Niliondoka Nakuru Jumapili alfajiri, lenzi ya fundi saa ikiwa mfukoni na kopo la plastiki lenye kipande cha sponji likiwa mkobani. Jumapili ndiyo siku kubwa ya soko la Kibuye mjini Kisumu, na rafiki yangu alikuwa amenidokeza kwamba fundi mmoja wa televisheni pale ana mkebe wa prosesa kuukuu, yaani chipu zinazoendesha kompyuta, ambazo mimi huzikusanya, na kwamba mnunuzi wa skrepu anautaka kwa bei ya kilo. Haraka yangu ilitokana na hilo. Prosesa za kauri za zamani zimepakwa dhahabu kwenye pini, yaani vijiti vidogo vya chuma vya kuichomekea chipu, na zikishaingia katika tindikali ya wachenjuaji hakuna maandishi yatakayosomeka tena.

Tulipita Salgaa, Mau Summit na Kericho. Mashamba ya chai yamekwisha kusifiwa na wengi, nami nililala hadi joto la Ahero liliponiamsha.

Nilimkuta mzee kibandani, ameinamia redio.

"Habari ya asubuhi, mzee."

"Nzuri, kijana wangu. Karibu. Hizi ulizofuata huku kote ni za nini? Mwenye skrepu anasema ni dhahabu."

Akanimiminia mezani mkebe mzima wa Kimbo. Nyingi zilikuwa Pentium za kawaida, ambazo sikuzigusa. Nilichukua kwanza 486DX, prosesa ya kampuni ya Intel iliyotangulia Pentium, yenye kasi ya megahezi 33, kwa kuwa chipu kama hiyo iliwahi kuniaibisha: niliinunua kwa bei ya juu nikiamini ni ya mwaka 1989, kumbe mwaka ule ni wa hakimiliki tu, ambao Intel iliendelea kuuchapa miaka mingi baadaye. Umri wa kweli umo katika namba ya kundi iliyochapwa kwenye chipu, ambapo herufi ya kwanza inaonyesha kiwanda, tarakimu inayofuata mwaka, na mbili zinazofuatia wiki. Hii ya mzee ilianza kwa L315, yaani wiki ya 15 ya mwaka 1993. Niliirudisha.

Kisha nikaiona moja ambayo uso wake ulikuwa umefunikwa na gundi nyeusi ya stika, haisomeki hata herufi. Niliigeuza. Prosesa ya 486 ya kawaida ina safu tatu za pini zinazouzunguka mraba, 17 kila upande, jumla 168. Hii ilikuwa na moja ya ziada, imesimama peke yake kwa ndani penye kona, nayo imepinda. Nilihesabu mara mbili.

"Sasa wewe unatazama meno kama mtu anayenunua ng'ombe," mzee akacheka.

Pini hiyo ya 169 hupatikana kwenye chipu za kuongezea nguvu: ama OverDrive ya mapema, ama 487SX. Niliomba spiriti, nikasugua taratibu kwa pamba, na gundi ilipolainika yakatokea maandishi: A80487SX. Nilimweleza mzee kisa chake, ambacho kwangu ni mojawapo ya vituko vya biashara ya kompyuta. Mwaka 1991 Intel iliuza 486SX kwa bei nafuu, na zile za kwanza zilikuwa 486 kamili ambazo sehemu yake ya hesabu za desimali imezimwa. Aliyehitaji hesabu hizo aliuziwa 487SX aiweke katika soketi ya pili. Kwa jina ilikuwa msaidizi, lakini kwa kweli ilikuwa prosesa nzima, na ikishaingia inaizima ile ya kwanza na kufanya kazi yote yenyewe.

"Kwa hiyo mtu alinunua mbili, akatumia moja?"

"Ndiyo, mzee."

Alitikisa kichwa, akataja shilingi 500. Tulikubaliana 350, nami nikamwomba asiuze zile za kauri kwa kilo kabla ya kunipigia simu.

Sikuthubutu kunyoosha pini ndani ya matatu. Nilifanya hivyo nyumbani jioni ya Jumatatu, kwa ncha ya penseli ya risasi za kusukuma, nikiisogeza kidogo kidogo, kwa sababu pini ikikatika haina dawa. Kisha nikaichomeka katika soketi iliyokuwa tupu miaka yote kwenye kompyuta yangu ya 486SX. Skrini ya kuwashia, ambayo siku zote iliandika kwamba sehemu ya hesabu haipo, safari hii ikaandika kwamba ipo.