Siku Niliyoshika Jino la Mtambo

Asubuhi moja ya Julai mwaka 2009, nilipokuwa mwanafunzi mjini Dessau, mashariki mwa Ujerumani, mzee aliyekaa ghorofa ya chini ya jengo letu alinigongea mlango akaniuliza kama ningependa kuona mahali alipofanyia kazi ujana wake wote. Nilikuwa nimezoea kumwita Babu, kwa Kiswahili hasa, tangu siku nilipomweleza maana ya neno hilo naye akalipenda. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Nilijua tu kwamba alikuwa mchimbaji wa makaa ya mawe, na akilini mwangu nilikuwa nikimwona akishuka chini ya ardhi na taa kichwani.

Tulipita Oranienbaum, tukaingia katika misitu ya misonobari, na karibu na mji mdogo wa Gräfenhainichen barabara ikatufikisha kwenye rasi iliyozungukwa na maji. Juu ya vilele vya miti nikaona vyuma virefu, nikadhani ni winchi za bandarini kama zile za Malindi kwetu Unguja, ila bahari haikuwapo. Mahali hapo panaitwa Ferropolis, yaani Mji wa Chuma. Palikuwa mgodi wa wazi wa Golpa-Nord, uliochimbwa makaa ya kahawia hadi ulipofungwa mwaka 1991, mwaka mmoja baada ya Ujerumani mbili kuungana. Mitambo mitano iliyokuwa ikichimba na kumwaga kifusi, ambayo kwa pamoja ina uzito wa karibu tani 7,000, ilinusurika kukatwakatwa ilipoamuliwa mwaka 1995 kwamba ihifadhiwe, nayo ikapewa majina ya Mosquito, Gemini, Medusa, Mad Max na Big Wheel. Babu hakuyatumia majina hayo hata mara moja. Big Wheel kwake ilikuwa ni 1521, namba tu, kama wafanyakazi wa mgodini walivyozoea.

Tuliposimama chini ya 1521 shingo yangu ilichoka kutazama juu. Mtambo huo, uliochimba kwa gurudumu kubwa lenye ndoo za meno ukingoni, ulitengenezwa mwaka 1984, una urefu wa mita 74 na kimo cha mita 31, na uzito wake unazidi tani 1,700. Nami, kwa kutaka kusema jambo, nikasema neno ambalo hadi leo linanichoma: nikamuuliza kwa nini mali yote ile haikuuzwa kama chuma chakavu. Babu alinyamaza. Kisha akanishika kiwiko, akanipeleka kwenye ndoo moja iliyowekwa chini kando ya njia, akaniambia niweke kiganja juu ya jino lake.

Jino lile lilikuwa pana kuliko mkono wangu. Ncha yake haikuwa na pembe tena. Ilikuwa imelika upande mmoja zaidi ya mwingine, ikawa laini kama kipande cha sabuni kilichotumika hadi karibu kuisha, na chuma cha mahali hapo kilikuwa kikavu na baridi ijapokuwa jua lilikuwa limeshapanda. Babu akanieleza kwamba jino hulika upande mmoja kwa sababu boriti inayobeba gurudumu huyumba kulia na kushoto, ikikwangua ukuta wa udongo tabaka baada ya tabaka. Alikuwa na uwezo, akasema, wa kutazama jino lililotolewa akajua dereva wake alikuwa na pupa au subira. Nyuma ya ndoo, mahali ambapo ningetegemea kukuta bati, palining'inia minyororo, kwa sababu udongo wa mfinyanzi ukilowa hunata kwenye bati na haudondoki, lakini minyororo hutikisika ikauachia.

Hapo ndipo ulimi wake ulipofunguka. Alianza kazi akiwa kijana wa kupaka grisi, akaishia kuwa dereva. Mitambo ile haikunywa dizeli hata tone. Iliendeshwa kwa umeme uliofika kwa kebo nene iliyokokotwa nyuma yake, na ilipohama ilitambaa mita chache tu kwa dakika. Ndoo zilimwaga mzigo wake kwenye mkanda, mkanda ukapokezana na mkanda mwingine, na makaa yakaondoka kwenda kuchomwa palepale karibu, kwa kuwa makaa ya kahawia ni laini na karibu nusu ya uzito wake ni maji, hivyo kuyasafirisha mbali ni hasara. Kituo cha umeme cha Zschornewitz, kilichokuwa jirani na mgodi huo, kiliwashwa mwaka 1915, na kwa miongo mingi kilipeleka umeme hadi Berlin. Usiku wa kuamkia mwaka 1979 baridi ilishuka ghafla, na makaa yakaganda kama zege juu ya mikanda na ndani ya mabehewa. Wanajeshi waliletwa migodini kuyapasua, na taa zikazimika katika sehemu kubwa ya nchi. Babu alikaa mgodini siku nne bila kurudi nyumbani, akipiga nyundo hadi ngozi ya viganja ikatoka.

Nilimsikiliza nikiwaza kwetu. Nililelewa Kikwajuni, katika nyumba za ghorofa zilizojengwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki baada ya Mapinduzi ya 1964, na nchi hiyo iliishi kwa makaa haya. Katika miaka ya 1980 ilikuwa ikichimba zaidi ya tani milioni 300 kwa mwaka. Sikuwahi kujiuliza nyuma ya ukarimu ule kulikuwa na viganja vya nani.

Tulipanda Gemini. Ngazi zake ni za wavu wa chuma, unaona ardhi chini ya nyayo zako, nami nilishika reli kwa mikono miwili huku Babu, ambaye nyumbani alipumzika kila baada ya vidato vitano, akipanda kama mtu anayekwenda chumbani kwake. Juu kabisa mimi niligeuka kuitazama mitambo. Yeye alitazama ziwa. Maji yalianza kuingizwa katika shimo mwaka 2000, na ziwa likapewa jina la Gremmin, kijiji kilichoondolewa katika miaka ya 1980 ili mgodi upite. Babu alinyoosha mkono, akaushikilia pale kwa muda mrefu, akasema kwamba mahali hapo, juu ya maji, ndipo alipozaliwa.

Nilimuuliza, kwa sauti ya chini, kama mama yake alijua kazi aliyokuwa akifanya.

"Alikuwa akinifungia chakula cha zamu kila siku," akasema. "Tulipohama aliendelea kunifungia. Ila hakupanda tena mti wowote."

Sikuwa na la kumjibu, wala hakulingojea. Tulishuka polepole, yeye nyuma, mimi mbele. Alipofika chini aligeuka, akagonga nguzo ya ngazi mara mbili kwa kifundo cha kidole, jinsi wapaka grisi walivyokuwa wakigonga kumjulisha mwenzao aliyeko juu kwamba ngazi iko wazi. Kisha akatoa funguo za gari mfukoni.